Njaa ya dawa si ulafi

Jumamosi kwenye harusi huku Uyole, Mbeya, ndugu yetu mmoja alimwondolea mdogo wangu sahani mbele ya meza nzima. "Baba, tuachie na wengine, shingo yenyewe imeshapotea!" Watu wakaangua kicheko. Mdogo wangu akanawa, akatoka nje na baridi yote ile ya Julai. Sijatulia mpaka leo.

Ana baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na anameza dawa iitwayo olanzapini. Tangu aanze dozi analala usiku, anafungua kibanda chake Mwanjelwa, anapiga hesabu zake vizuri. Lakini dawa hiyohiyo, pamoja na dawa nyingine ya akili iitwayo klozapini, ndiyo inayoongoza kwa kunenepesha: inaziba vipokezi vya histamini na serotonini, kemikali za kupeleka ujumbe kwenye ubongo, na hamu ya kula inapanda. Amekula ugali na maharage akamaliza, baada ya muda utamkuta jikoni, mfuniko wa sufuria mkononi, anatafuta viazi vilivyobaki. "Dada, nimekula, ila tumbo halina habari." Huyo ndiye mnayemwita mlafi?

Mkimcheka hapungui hata kilo moja. Mnamsukuma aache dawa, na wapo wengi walioacha kwa sababu ya unene huu huu. Dozi ikikatwa ghafla ugonjwa unarudi, wakati mwingine kwa kishindo. Waliocheka Uyole hawakuwepo usiku ule tulipomfuata gizani barabara ya Tukuyu, hajalala siku kadhaa, anaongea bila kupumua. Mimi nilikuwepo. Afadhali awe mnene, awe nasi.

Haya, chakula chetu nacho kina lake: wali wa Kyela, ndizi, chapati za asubuhi. Nyumbani tumepunguza wali, tumeongeza mboga, chai hatutii sukari, na tunakula wote hivyohivyo, si yeye peke yake. Kwa anayetumia lithiamu, dawa nyingine ya baipola, kiu ni kali: mpeni maji, si soda. Wala msimkatie chumvi ghafla kwa nia njema, maana lithiamu hupanda kwenye damu ikawa sumu.

Na kliniki nazo. Mgonjwa anayeanzishwa dawa hizi apimwe uzito, kiuno, presha na sukari kabla ya kidonge cha kwanza, kisha apimwe tena na tena. Mdogo wangu alipewa vidonge tu, hakuna aliyemtajia njaa. Kuna kubadilishiwa dawa, kuna kuongezewa metformini, dawa ya kisukari inayosaidia pia kwenye unene huu. Daktari ndiye wa kuamua, lakini lazima kwanza aulizwe. Tarehe yake ikifika naenda naye, na nitauliza.