Ukishalipia, hilo siyo jaribio

Shangazi yangu wa Mikindani ana kisukari, na analala na beseni la maji pembeni ya kitanda. Usiku miguu ikianza kuwaka moto anaitumbukiza humo, nesi alishamgombeza kwamba maji yanalainisha ngozi halafu inapasuka lakini wapi, anasema we acha tu, ni kama sindano za moto, halafu asubuhi mguu huohuo hausikii chochote. Msimu wa korosho uliopita alikuwa anabangua uani akakanyaga kaa la moto, na wala hakushtuka. Alichosikia ni harufu, akadhani korosho zinaungua.

Sasa kwenye grupu la familia binamu yangu mmoja akarusha meseji kwamba Marekani wamegundua dawa ya ganzi ya sukari, na wiki hiyohiyo kuna jamaa pale mjini Mtwara akamuuzia shangazi kichupa kwa elfu themanini na tano, eti ni dawa ya majaribio, ndo kwanza inaingia nchini, inafufua mishipa ya fahamu. Hela ya korosho hiyo. Nilichoka.

Kiukweli dawa mpya ipo, binamu hakudanganya. Inaitwa suzetrigine, ya kampuni ya Vertex, na Januari 2025 Marekani waliiruhusu, ila kwa maumivu ya ghafla, kama ya mtu katoka kupasuliwa. Kwa maumivu ya kisukari iliingizwa kwenye majaribio yake yenyewe, na hayo ni mambo mawili tofauti. Halafu angalia inachofanya: inaziba kijimlango cha sodiamu kwenye mishipa ya fahamu ili habari ya maumivu isifike kichwani. Inaziba tu, hakuna inachofufua! Mshipa ulioliwa na sukari unabaki vilevile, na ile ya miguuni ndo huanza kufa kwa sababu ni mirefu kuliko yote, kama nyumba ya nguzo ya mwisho, umeme ukipungua wao ndo wa kwanza kuona taa inafifia.

Na hizo za kufufua wamezihangaikia miaka mingi. Kuna kampuni ya Korea Kusini, Helixmith, walikuwa wanachoma sindano ya jeni kwenye kigimbi cha mguu ili mishipa iote upya, 2019 wakatangaza kwamba inaonekana kwenye jaribio lao baadhi ya waliotakiwa kupewa dawa ya bandia, ile isiyo na kitu ya kulinganishia, walipewa ya kweli. Yaani huenda walichanganya! Nilicheka, halafu nikajiuliza, hawa angalau walikuwa na daftari la kuangalia kama wamekosea, yule jamaa wa kichupa daftari lake liko wapi?

Ndo hoja yangu hiyo. Mimi sipingi majaribio, natamani hata yaletwe huku Kusini watu wetu wahesabiwe nao. Ila jaribio la kweli hapa Tanzania linapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, unasomewa fomu mpaka uelewe ndo unasaini, unaruhusiwa kujitoa siku yoyote, na dawa inayojaribiwa huinunui. Ukishatoa hela mfukoni wewe ni mteja tu. Tulishapanga foleni Loliondo 2011 kwa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali, sijui tunataka tufundishwe mara ngapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vya bei rahisi vipo. 2022 Waingereza walitoa matokeo ya jaribio la watu 130 wenye maumivu haya, wakalinganisha dawa tatu, amitriptilini, dulokisetini na pregabalini, zote zikapunguza maumivu karibu sawasawa. Amitriptilini ni kidonge cha zamani, bei yake ya kawaida kabisa, kinakausha mdomo na kuleta usingizi, na mwenye moyo mbovu lazima aongee na daktari kwanza. Shangazi hakuwahi kuandikiwa kwa sababu hakuwahi kusema miguu inawaka, kila kliniki anapimwa sukari anaondoka na viatu vyake mguuni.

Na kuvua viatu siyo jambo dogo. Madaktari wa Dar waliandika 2005 kuhusu wagonjwa wa sukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa wamelala. Tunasema panya anang'ata huku anapuliza, kwa hawa hata hana haja ya kupuliza. Na shangazi ana magunia ya korosho chumbani.

Juzi nikamwambia shangazi naomba nikuangalie nyayo, akaona aibu, akakubali. Nikawasha tochi ya simu. Kati ya vidole kulikuwa na kipande cha ganda la korosho kimezama, pembeni pameshakuwa peupe, na hakuwa na habari.

"Hiyo ya Marekani ikifika utaniambia, mwanangu?"

Nikamwambia nitakwambia shangazi, ila kesho tunaenda hospitali na mguu huu.

"Haya. Na yule wa kichupa umpitie, anirudishie hela yangu."

Nimempitia mara mbili. Pamefungwa.