Dakika Saba Bila Kumeza Mate

Wapo wataalamu wa radiolojia ambao wakisikia neno "haraka" kwenye MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, wanahisi wanaletewa kazi ya kulipua. Siwalaumu. Picha nzuri ya MRI imelipiwa kwa muda siku zote, na ukuta wa mshipa wa damu hauna huruma na picha mbovu. Ila nadhani wanailinganisha picha ya haraka na picha ambayo wagonjwa wengi hawaipati kamwe.

Haja ya kuutazama ukuta wenyewe haina ubishi. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake walionyesha kwamba ateri ya moyo hutanuka kwa nje kadiri mafuta yanavyojikusanya ndani ya ukuta wake, na njia ya damu inaweza isianze kuminywa mpaka yafike takriban asilimia 40 ya eneo la mshipa. Anayetazama njia ya damu tu atasema mshipa ni mzima.

Tatizo ni udogo. Ukiigawa picha kwenye vipande vya nusu milimita kila upande badala ya milimita moja, kila kipande kinabaki na thumni ya mawimbi ambayo mashine huyapokea kutoka mwilini, na kuyafidia kwa muda peke yake kunataka muda mara 64. Ndiyo maana picha moja ya ukuta huweza kuchukua dakika saba au zaidi, na mgonjwa mmoja huhitaji picha kadhaa.

Sasa mtazame huyo mgonjwa. Amelala chali, koili, yaani antena ya kupokea mawimbi hayo, imemkaa shingoni, mashine inagonga, na ameambiwa asimeze mate. Jaribu mwenyewe. Kabla dakika ya tatu haijaisha mate yamejaa, koo linapanda, na nyama za shingo zinasogea pamoja nalo. Ukuta tunaoutafuta, wa mshipa wa shingo, una unene wa kama milimita moja. Tena MRI haikusanyi picha nukta kwa nukta. Kila kipimo kinagusa picha nzima, kwa hiyo funda moja linaweza kuacha ukungu kila mahali. Na wanaotumwa kwenye kipimo hiki ni pamoja na waliopata kiharusi, ambao kumeza kwenyewe huwapa shida na kikohozi huwajia bila hodi. Kwao, dakika saba ndizo zinazoiharibu picha.

Mbinu za kufupisha muda zimetokana na hesabu nzito. Mwaka 1999 Pruessmann na wenzake walionyesha jinsi koili nyingi zinavyoweza kugawana kazi. Mwaka 2007 Lustig, Donoho na Pauly wakaonyesha kwamba vipimo vingi vinaweza kurukwa kwa mpangilio wa kubahatisha, kisha kompyuta ikaijenga picha.

Wenye wasiwasi nao wana hoja. Ukipunguza muda mara nne, ubora wa mawimbi dhidi ya chenga unashuka kwa nusu au zaidi. Akili mnemba inayosafisha chenga hizo inanitia hofu kuliko chenga zenyewe: utafiti wa Antun na wenzake wa 2020 ulionyesha kwamba mifumo ya namna hii inaweza kupoteza kitu kidogo kilichokuwepo. Chenga daktari anaziona. Ukingo uliolainishwa hatauona. Halafu damu inayokwenda taratibu bado itajifanya unene wa ukuta, hata picha ichukuliwe kwa kasi gani.

Kwa hiyo majaribio kwa watu wenye afya, wanaoweza kutulia kama gogo, hayanitoshi. Nataka mgonjwa yuleyule apimwe kwa njia zote mbili, unene wa ukuta upimwe na wasiojua ipi ni ipi, na picha ndefu zilizoharibika zihesabiwe badala ya kuwekwa kando. Tukizihesabu hizo, naamini mizani italalia upande wa kasi. Picha ya dakika tatu, mgonjwa akikohoa katikati, unamwacha apumue, ameze mate, na unaanza upya. Ya dakika saba ikiharibika, aghalabu huenda hivyohivyo kwenye ripoti.