Miezi Sita Mbele, Wakili Wangu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, sijanawa hata uso, simu inalia. Baba mwenye nyumba. "Wakili wangu, habari za kuamka. Kuanzia mwezi ujao kodi inapanda. Miezi sita mbele kama kawaida. Ukishindwa sema mapema, wapo wanaosubiri. Siku njema." Mwishoni kaweka vile vimikono viwili vya kuomba.

Sasa mimi ni mtu wa sheria. Mwanasheria wa shirika la umma la nyumba, mwaka wa tisa huu, na notisi ndiyo ugali wangu. Notisi ina kumbukumbu namba, ina deni kwa tarakimu na kwa maneno, ina muhuri, ina sehemu ya mpokeaji kusaini. Hii yangu ina vimikono. Nikaanza kumjibu kitaaluma: "Rejea ujumbe wako wa leo..." Kisha nikaukumbuka mkataba wetu. Umeandikwa kwenye karatasi ya daftari, shahidi ni dalali, na dalali mwenyewe alisaini amesimama, anauwahi ujira wake wa kodi ya mwezi mmoja. Nikakumbuka pia kwamba ile sheria ya 1984 iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Nani wa kuniambia hilo, wakati mimi ndiye ninayewaambia wengine? Nikafuta. Nikaandika: "Nimepokea baba, asante sana."

Watu hawaamini kwamba mwanasheria wa nyumba anapanga Tabata Kimanga. Mwezi uliopita msibani Mbagala, mwili haujatoka ndani, mzee mmoja kanivuta shati: "Wakili, hivi fleti za Upanga zinapatikanaje?" Mzee wangu, zingekuwa zinapatikana kwa kunong'onezana msibani, ningekuwa nimepanda daladala mbili kuja kukuzikia jirani yako? Shemeji yangu ndiyo kabisa, ameacha kunipokelea simu. Anasema nimeficha funguo.

Turudi kwa leo. Nafika ofisini, tai imehamia begani kwa kubanwa kwenye daladala, naambiwa afisa miliki anaumwa, kwa hiyo notisi ya mdaiwa sugu mmoja wa Upanga nikaipeleke mimi. "Wewe una suti," akasema bosi, "ataogopa."

Nikapanda ghorofa ya tatu. Hodi. Akatoka bibi mfupi, kajifunga khanga mbili, miwani imening'inia kwa uzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani, viatu hapo."

Nikavua. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Soksi yangu ya kulia imetoboka dole gumba, na hakuna deni la miezi minane linaloweza kusomwa kwa sauti ya mamlaka wakati kidole kinatuchungulia sote wawili.

"Umetumwa na Msajili?" akauliza.

"Bibi, Msajili wa Majumba hayupo. Aliunganishwa na shirika tangu 1990."

"Alaa. Hakuniaga."

Akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti la bati. Ndani risiti zimefungwa kwa mpira, moja moja, tangu marehemu mumewe alipogawiwa fleti hiyo miaka ile serikali ilipotwaa majumba. Majumba yalitwaliwa 1971, ninayajua hayo kwa kusoma. Yeye anayajua kwa kopo. Akanisomesha risiti zote mpaka nikazoea mwandiko wa karani. Nikamwambia hizo za zamani hazina shida, shida ni hii miezi minane. Akavaa miwani.

"Huu mkataba mpya mlionisainisha ni wa Kiingereza. Na mahakamani si siku hizi mnaongea Kiswahili?"

"Ndiyo bibi, sheria ilibadilishwa 2021, lakini hiyo ni lugha ya..."

"Basi niandikieni wa Kiswahili. Nikishauelewa, nitalipa."

Nimebishana na mawakili wenye ofisi za kiyoyozi, wanaokuja kwenye baraza la ardhi na vijana wa kuwabebea mafaili. Hoja hiyo hawajawahi kuniletea.

Bado natafuta jibu, akapita kijana na taulo na mswaki. "Mjukuu," akasema bibi. Akapita wa pili, na sufuria, lafudhi ya Kisukuma. Mjukuu. Akapita wa tatu. Huyo ana upara, mvi za ndevu, kwa makadirio yangu ananizidi miaka sita. Akasimama kwa adabu. "Bibi, ile ya mwezi nimekutumia kwenye simu."

Nikachomoa kalamu! Kupangisha wengine bila kibali, sharti la mkataba limevunjwa mchana kweupe, ushahidi umejileta na upara wake.

Bibi hakutikisika. "Mjukuu kumtumia bibi yake hela ni kosa la sheria gani? Kunywa chai."

Nikanywa. Vitumbua vya moto, vina iliki. Kwangu sijala kitumbua cha moto tangu Ramadhani.

"Unakaa wapi mwanangu?"

"Tabata, Kimanga."

"Kwako?"

"...Napanga."

"Unalipa miezi mingapi?"

"Sita."

"Pole." Akaisema taratibu, kama anaifunika shuka. "Hebu njoo."

Akanipeleka nyuma. Kibaraza kimezibwa kwa mbao, kitanda kimoja, dirisha, na upepo wa baharini unaingia bila kulipia. "Laki. Mwezi kwa mwezi. Dalali sina."

Kutoka pale hadi ofisini kwangu ni mwendo wa miguu. Suti ingefika imenyooka. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba anamshawishi mtumishi wa umma kushiriki uvunjaji wa mkataba. Nikasikia sauti yangu inauliza:

"Na LUKU ya umeme ni ya kujitegemea?"

Nimeandika mikataba ya fleti za watu miaka tisa! Shahada mbili! Mlinzi wa ofisi yetu ana kiwanja Chanika na ameshapandisha tofali mpaka kwenye lenta, mimi nina faili. Mimi natakiwa nimtoe ndani mtu ambaye ndiye pekee mji huu aliyeniuliza nalala wapi.

Kusaini alikataa, eti hajui kuandika, wakati notisi ameisoma yote na kunionyesha neno limekosewa. Akaweka dole gumba lenye mafuta ya kitumbua. Karatasi ya shirika ikawa unaiona upande wa pili. Bosi ameinua juu kwenye mwanga akauliza hii ni notisi au chapati.

Sasa ni saa mbili usiku. Mama wa chumba cha mwisho, mwenye mafriji mawili ya barafu ambayo tunayachangia umeme kwa kichwa, anagonga. Anataka elfu tano ya LUKU. Nimezima taa, simu nimeifunika kwa mto isionekane mwanga.

"Wakili," anasema mlangoni, "viatu viko nje."