Tuanze na mawe ya hapa Lubumbashi

Paneli za sola zinazozipa umeme setilaiti nyingi hutengenezwa juu ya vipande vyembamba vya gerimani (germanium), elementi inayofanana na metali. Gerimani hiyo imo ndani ya terili yetu, lile lundo jeusi la mabaki ya kuyeyushia shaba ambalo mgeni wa Lubumbashi hulipiga picha hata kabla hajatua mizigo. Mwaka 2024 makinikia ya kwanza ya gerimani, yaani unga wa madini uliochujwa, kutoka humo yalisafirishwa kwenda Ubelgiji. Yaani kitu kilichotoka kwetu kinaweza kuwa kinaizunguka dunia huko juu, wakati mtoto anayepita chini ya terili kila asubuhi akienda shule hajaambiwa hata siku moja kuna nini ndani yake.

Hilo linanikera kuliko ukosefu wa vifaa. Ukizungumza na walimu kuhusu masomo ya dunia na anga, jibu ni lile lile: vifaa hakuna. Ni kweli, na simlaumu mwalimu anayefundisha watoto waliobanana benchini huku mshahara wake haujulikani utafika lini. Lakini naijua shule iliyopewa darubini na wafadhili. Imefungiwa kabatini ofisini kwa prefe, mkuu wa shule, ili isivunjike. Na kweli, haitavunjika.

Eneo hili na anga si wageni. Tarehe 17 Mei 1977, kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi kutoka nyanda za juu za Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Ilirusha nyingine mwaka uliofuata, na ile ya Juni 1978 ilishindwa mbele ya macho ya Rais Mobutu mwenyewe. Kampuni ikafungasha virago. Kilichobaki ni hadithi ya wazee, na hata hiyo wanafunzi wangu wengi hudhani naitunga.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kabla ya kusubiri kontena la vifaa kutoka Ulaya, tuanze na mawe. Katika nchi nyingi mwalimu wa jiolojia hununua sanduku la sampuli kwa bei ya kuumiza. Hapa, nenda kwa wachongaji wa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wale wanaouza vinyago na shanga za kijani, uwaombe vipande vilivyobaki. Watakupa bure, au kwa bei ya soda.

Ponda kipande kimoja polepole ndani ya kitambaa chenye maji ili vumbi lisiruke. Tia unga huo kwenye glasi ya siki au maji ya ndimu, ufunike, uache hadi kesho. Maji yatageuka rangi ya bluu yenye ukijani: hiyo ni shaba iliyoyeyuka. Sasa chukua msumari wa chuma, usugue kwa mchanga hadi ung'ae, uutumbukize. Baada ya muda utauona umevaa koti jekundu. Chuma kimejitoa, shaba imeshika nafasi yake. Mwanafunzi aliyeuona msumari ule haelezwi tena kwa taabu namna jiwe linavyogeuka metali, na somo la kemia nalo limeingia humo humo bila kuomba ruhusa. Glasi hiyo isinywewe tena. Na watoto wasitumwe kuokota mawe ovyo kwenye mabaki ya migodi, kwa sababu baadhi ya madini ya Katanga hubeba urani, metali yenye mionzi. Mgodi wa Shinkolobwe hauko mbali na hapa, na sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mabomu ya atomiki ya 1945 ilitoka kule.

Kisha kuna vichuguu. Tumezoea kuviona kama udongo wa kufyatulia matofali tu. Watafiti walipopima umri wa vichuguu vikubwa vya huku Katanga kwa kaboni, kimoja kilichokwisha kuhamwa na mchwa kilionekana kina zaidi ya miaka 2,000. Mtoto anayesoma enzi za miamba kwa kukariri majina ya Kifaransa ubaoni angeshika maana ya muda mrefu haraka zaidi akisimamishwa mbele ya kichuguu kilichokuwepo kabla ya mfalme yeyote anayemjua.

Mtandaoni nako kuna mali, ila si yote inayofaa kwetu. Kigezo changu ni kimoja: je, kinafanya kazi umeme ukikatika na mega za intaneti zikiisha? Stellarium inafaulu. Ni programu ya bure inayoonyesha nyota za mahali ulipo bila intaneti baada ya kuisakinisha. Kiwix nayo inafaulu, maana unapakua ensaiklopidia nzima mara moja na kuisambaza kwa kadi ya kumbukumbu. Majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, ukishayapakua, yanafunguka kwenye kompyuta yoyote bila mtandao, na mengine yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Lile la mvutano na mizunguko ya sayari latosha kwa kipindi kizima. Video ndefu za kupendeza? Ziache. Zinakula mega na watoto wanabaki watazamaji.

Picha za setilaiti ni habari nyingine. Landsat, mradi wa setilaiti wa Marekani, imekuwa ikipiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 kumbukumbu yake yote ni bure. Sentinel-2 ya Ulaya hurudi juu yetu kila baada ya siku chache, na kila nukta ya picha yake ni mita 10 ardhini. Mwalimu akipakua picha mbili tu za Lubumbashi, moja ya miaka ya themanini na moja ya juzi, akazionyesha hata kwa simu inayopita mkono kwa mkono, watoto wataona mji ulivyotanuka na msitu wa miombo ulivyorudi nyuma. Hapo swali la makaa tunayopikia kila siku litajileta lenyewe.

Fursa kwa walimu zipo pia. Ofisi ya Astronomia kwa Maendeleo iliyoko Cape Town, chini ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, hupokea maombi ya kufadhili miradi, na mwalimu wa kawaida anaruhusiwa kuomba. Shida ni kwamba mengi ya aina hii huandikwa kwa Kiingereza, nasi tumesoma kwa Kifaransa. Hapa nawatazama wanafunzi wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wangetusaidia kusoma na kujaza fomu hizo. Na kila mmoja wao, kabla ya kupewa diploma, angefundisha somo moja katika shule ya mtaani kwao, jiwe mkononi.

Ombi langu la mwisho ni kwa mwalimu wa Goma: tupime pamoja mzingo wa dunia kwa vivuli vya fimbo mbili. Tarehe 24 Oktoba hivi, jua la mchana hupita juu kabisa ya vichwa vyetu hapa, na fimbo iliyosimama wima karibu haina kivuli. Goma iko takriban kaskazini yetu, kilomita 1,100 hivi, na siku hiyo hiyo fimbo ya mita moja huko itatoa kivuli cha sentimita kama 17 na nusu, yaani pembe ya digrii 10, sehemu moja ya 36 ya duara. Zidisha 1,100 kwa 36 upate kilomita 39,600 za duara zima. Mzingo halisi wa dunia unaopita kwenye ncha zake ni kama kilomita 40,000. Mtaalamu Mgiriki Eratosthenes alifanya hivyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Safari kati ya miji yetu imekuwa ngumu, lakini urefu wa kivuli unatumwa kwa ujumbe wa simu. Anzeni kupima saa tano na nusu, kila dakika tano, na mchukue kivuli kifupi kuliko vyote. Mawingu yakitanda, pimeni kesho yake, ila nasi huku tupime siku hiyo hiyo. Jua la mchana husogea kuelekea kusini chini ya nusu digrii kwa siku.