Mita Kumi za Waya

Mimi na modemu yangu, kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta ili kuleta mtandao, hatusemezani. Nisipoitazama, inafanya kazi. Nikianza tu kutuma kitu cha maana, ile taa yake inazima, inawaka, inazima, utadhani inanikonyeza.

Nyumba yetu iko Majengo, ghorofa ya chini, na mtandao unapatikana mahali pamoja tu: nje ya dirisha la jikoni, penye kamba ya kuanikia nguo. Basi nikaenda Mwembe Tayari nikanunua waya wa USB wa mita 10. Muuzaji alianza na shilingi 900, nikamshusha hadi 350. Nilirudi nyumbani naringa kama bwana harusi. Modemu nikaifunga kambani, kati ya kanga na suruali za shule.

Laptopu yenyewe kizee. Mpwa wangu aliitoa mfumo wa Windows akaitia wa Linux, akanambia, "Mjomba, hii nyepesi." Nyepesi kweli. Lakini nembo yake ni pengwini, ndege wa barafu, na Mombasa mwezi wa pili hata feni inatoka jasho.

Nikampigia simu. Akasema niandike amri ya dmesg -w halafu nitazame. Subhanallah! Kumbe kompyuta inaandika kila kitu, kama jirani wa dirisha la pili. "USB disconnect, device number 41." Kufumba na kufumbua, kifaa kipya, namba 42. Kipya gani, na ndiyo hiyo hiyo! Kila ikikatika na kurudi inapokewa kama mgeni na kupewa namba nyingine. Baina ya adhuhuri na alasiri nilikuwa nimefika 96. Mpwa akanambia namba zinaishia 127, kisha zinarudi chini. Nikavuta kiti ningoje nijionee. Kazi nimeshaisahau. Na katikati ya maneno hayo, "error -71". Hasi! Hata makosa ya nyumba hii yana deni.

Mzee wa barazani akasema ni chumvi ya bahari. Nikasugua kichwa cha modemu kwa spiriti, ikatoka kutu ya kijani, nikafurahi. Namba 97.

Mpwa akasema labda inasinzia. Eti kuna mpango wa kubana umeme: kifaa kikikaa sekunde 2 bila kazi, kinalazwa. Nikamkumbuka shemeji yangu. Nikaandika -1 kama nilivyoelekezwa, maana yake isilale kabisa. Basi ikawa inakatika ikiwa macho.

"Mjomba, kwani umeichomeka wapi?"

Nikamweleza habari ya dirisha na waya.

"Waya mita ngapi?"

"Kumi!" Nikamtajia na bei.

Alicheka mpaka nikamkatia simu. Akapiga tena, bado anacheka. Waya wa USB 2.0 mwisho wake mita 5. Halafu modemu kama ile inaweza kutaka umeme hadi miliampia 500, na waya wangu mwembamba kama tambi. Umeme ukifika dirishani umeshachoka kama abiria wa feri ya Likoni jioni. Ile -71 nayo ni kwamba kompyuta na kifaa wanazungumza na hakuna anayemsikia mwenzake. Kwa mita 10, hata mimi na mke wangu tungehitaji kupiga kelele.

Nikautupa waya. Modemu nikaichomeka ubavuni mwa laptopu, laptopu nikaiwasha upya. Namba 3. Saa nzima, namba 3. Haikatiki, haitikisiki. Na mtandao hakuna, kwa sababu mtandao uko dirishani.

Kwa hivyo sasa niko jikoni. Nimekalia mbuzi, laptopu juu ya kizingiti cha dirisha, nusu yake nje, kanga mbichi imenilalia kichwani, nami nimeishika kwa mikono miwili isije ikaanguka uani. Barua pepe imefika asilimia 80.

"Baba Rama," anasema mke wangu, ameshika kifuu cha nazi, "nishukie mbuzi wangu."