Anayengoja Hana Kosa

Siku hizi ukisema mbele za watu kwamba bado unamngoja Mungu, unaulizwa umekosea wapi. Pita Mwanjelwa, hapa Mbeya, jioni usikilize spika za mikutano ya Injili: pokea leo, muujiza wako hauchelewi, ukiona umechelewa basi kuna laana ya ukoo, au sadaka yako haijatosha. Sina ugomvi na maombi ya uponyaji. Mimi mwenyewe huombewa, na nitaendelea kuombewa. Ila hili fundisho kwamba anayecheleweshwa amehukumiwa linawaumiza watu wetu, na kwa kuwa Majilio, yale majuma ya kabla ya Krismasi, yameingia, siwezi kulinyamazia.

Majilio ni majuma ambayo Kanisa zima linakiri kwamba linangoja. Na watu ambao Luka anawaweka mlangoni mwa Krismasi ni wazee waliongoja mno. Ana binti Fanueli aliishi na mume miaka 7 tu, akabaki mjane, na Luka anamtaja akiwa na miaka 84, haondoki hekaluni, anafunga na kuomba usiku na mchana. Leo mama wa namna hiyo angeambiwa ana roho ya kukataliwa. Luka anamwita nabii. Simeoni naye alikuwa "mwenye haki, mcha Mungu, akiitarajia faraja ya Israeli". Hakuna mstari unaosema walicheleweshwa kwa sababu ya dhambi zao.

Halafu tazama walichopewa. Mtoto mchanga mikononi mwa wazazi waliokuja na sadaka ya watu wasio na uwezo, ile ya ndege wawili, kwa sababu mwana-kondoo alikuwa nje ya uwezo wao. Warumi bado wanatawala, kodi bado inadaiwa. Simeoni akampakata, akasema sasa anaweza kwenda kwa amani. Alimtambua Mwokozi wakati hakuna hata kimoja kilichokuwa kimebadilika mjini.

Lakini anayenigusa kuliko hao wote ni Yohana Mbatizaji. Huyu ndiye aliyemtangaza Yesu kwa sauti kuu kule Yordani, kisha akatupwa gerezani, na humo gerezani akatuma watu wamuulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Ni swali zito kutoka kwa mtu kama yeye. Yesu hakumkemea. Aliwaambia wale wajumbe wakamweleze Yohana wanayoyasikia na kuyaona, vipofu wanapata kuona, viwete wanatembea, na walipoondoka akawaambia makutano kwamba katika wazao wa wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko Yohana. Na Yohana hakufunguliwa. Alikatwa kichwa humo humo. Mhubiri anayetuambia kwamba imani ya kweli lazima ifungue mlango wa gereza, atueleze imani ya Yohana ilipungukiwa nini.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tulipaswa kulijua hili kuliko wengi. Wamoraviani, wamisionari wa Kiprotestanti waliofika Rungwe mwaka 1891, walitoka katika kanisa lililojifunza kungoja kwa machozi. Chimbuko lao ni wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia (Czech ya leo) aliyechomwa moto mwaka 1415 kwa mafundisho yake. Baada ya vita vya mwaka 1620 kule Bohemia walipigwa marufuku, na kwa takriban miaka 100 imani yao iliishi kwa siri majumbani, wazazi wakiwarithisha watoto, mpaka wakimbizi wachache walipoanzisha kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1722. Kuna vizazi vilivyozaliwa na kuzikwa humo katikati bila kuiona siku hiyo. Nani atathubutu kusema wale walikuwa na imani haba? Bila wao Rungwe isingepata wamisionari wale.

Mpaka leo Wamoraviani wana desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, kukiri ufufuo mbele ya waliolala. Ukisimama pale kwenye baridi na umande, unaimba katikati ya wafu wako ambao bado wako chini, unaelewa kungoja kwa Mkristo kuliko kwa mahubiri kumi.

Na Majilio yetu huangukia mwanzo wa mvua. Ghala linaelekea kwisha, bei ya debe la mahindi inapanda, na ni wakati huo huo mtu anachukua mbegu nzuri anaifukia ardhini. Yakobo aliliona hilo alipoandika kwamba mkulima "hungoja mazao ya nchi yaliyo ya thamani, huvumilia kwa ajili yake". Mkulima huyo hajakaa kitako. Anapalilia.

Namjua mama mmoja wa Uyole ambaye mwanawe alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, kisha simu ikawa haipatikani. Kwenye jumuiya, zamu yake ya kutaja mahitaji ikifika, alikuwa anasema "ni lile lile", anataja jina la mwanawe, tunaomba. Tukimaliza yeye ndiye huosha vikombe, kisha hupitisha chupa ya uji kwa jirani aliyepooza. Siku moja mhubiri mgeni akamwambia hadharani kwamba mtoto harudi kwa sababu mama ana mashaka. Wiki iliyofuata alikuja, aliosha vikombe, uji akaupeleka. Ila zamu yake ilipofika, jina hakulitaja. Wala iliyofuata. Sijawahi kuona mahubiri yakimwondolea mtu kitu kikubwa namna hiyo.

Baadaye mzee wa jumuiya akaanza kulitaja yeye, kwa niaba yake, kila Jumamosi, bila kumuuliza chochote. Nawaomba wachungaji, makatekista na wazee wa Mbeya, Iringa na Njombe wafanye hivyo Majilio haya. Watakaposoma habari ya Yohana gerezani, waisome mpaka mwisho, kisha watoe nafasi kwa yule anayeomba jambo lile lile mwaka hadi mwaka aliseme tena, na tuliombee pamoja naye bila kumtafutia kosa.