Baridi Haipo, Ila Mimi Ndiye Nimevaa Vibaya

Wanorwe wana kauli yao, na shemeji yangu hunisomea asubuhi, mchana na jioni: hakuna hali mbaya ya hewa, kuna mavazi mabaya tu. Sasa wewe fikiria. Unatoka nje, masikio yanaungua, machozi yanakutoka bila msiba, halafu mwenye nyumba anakuambia kosa ni la koti lako. Kwa hesabu hiyo na njaa nayo haipo, kuna matumbo mabaya tu.

Koti lenyewe ni mtumba wa Karume, daraja la kwanza. Nimelivaa Makete mwezi wa Julai, watu wakaniuliza nimelipata wapi. Nikalibeba kwa kujiamini mpaka Tromsø, huko Norwe, alikoolewa mdogo wangu. Pale uwanja wa ndege alilishika kwa vidole viwili akasema, "Kaka, hili tutalitandika mlangoni watu wafutie viatu." Salamu ndiyo hiyo. Miaka yote hatujaonana, salamu ndiyo hiyo.

Lakini kabla ya baridi kuna suala la saa. Tromsø iko juu huko, karibu nyuzi 70 kaskazini ya ikweta, na kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi. Wala usidhani ni mawingu. Jua lenyewe halipandi. Mchana unapewa mwanga wa bluu kwa saa chache, unaotosha kutafuta funguo, kisha giza linarudi kazini. Kwa Mswahili hili ni balaa la kipekee, maana sisi saa tunaihesabu toka kunapokucha. Kusipokucha, saa moja unaianzia wapi? Mke wangu alinipigia akauliza huko ni saa ngapi, nikamwambia huku bado haijaanza.

Mimi ningekaa zangu pembeni ya hita nikamalizia likizo kwa amani. Shemeji akasema haiwezekani, mgeni haji Tromsø akaondoka bila kwenda kwa Wasami kuona reindia, wale kulungu wa nchi za theluji. Bei alikataa kuitaja. Niliichungulia mwenyewe kwenye simu yake, nikaigeuza kuwa shilingi kichwani, nikanyamaza mpaka tukafika. Kwa hela ile kwetu ungenunua mbuzi ukabaki naye.

Wasami, kwa asiyejua, ndio wenyeji wa asili wa kaskazini ile, walikuwapo kabla mtu hajachora mpaka. Mipaka ilipokuja, nchi yao, wanayoiita Sápmi, ikakatwa vipande vinne: Norwe, Uswidi, Ufini, na rasi ya Kola kule Urusi. Wana bendera yao tangu 1986, na upande wa Norwe wana bunge lao Karasjok, lililofunguliwa 1989. Na wengi wao hawafugi chochote. Ni walimu, ni wavuvi, ni wauguzi, wanaishi ghorofani. Lakini mtalii hajalipa hela yote ile kwenda kumwona mwalimu.

Mwenyeji wetu alikuwa mfugaji kweli, mtu wa makamo, kavaa gákti, vazi lao la asili, ya bluu yenye mapambo mekundu, kiunoni kisu, mfukoni simu mbili. Moja ilikuwa inamwonyesha ramani ya mifugo yake. Baadhi ya reindia wamevalishwa kola za setilaiti, na siku hizi wanachungwa kwa pikipiki za theluji na droni. Mimi nilikuja na picha ya mzee mwenye fimbo. Fimbo sikuiona.

Tukakodishiwa ovaroli. Ndani nimevaa sufu, juu yake sufu nyingine, juu yake sweta la shemeji, ndipo ovaroli, ndipo viatu vinavyotosha kulala mtoto. Ukishavaa hivyo shingo haigeuki peke yake. Mtu akikuita inabidi uzunguke mzima, hatua kwa hatua, na ukimaliza kuzunguka keshaondoka. Nikamwambia mdogo wangu amwulize mwenyeji kama baridi huwa inazidi hii. Ilikuwa nyuzi 3 chini ya sifuri. Yule bwana akatazama juu, akatazama theluji, akakunja uso akasema leo kuna joto.

Joto!

Akaeleza kwamba huku ni pwani, mkondo wa maji ya vuguvugu kutoka Atlantiki unapasha nchi. Kwao Kautokeino, bara, kipimo kinaweza kushuka nyuzi 40 chini ya sifuri. Nilisubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa anaikumbuka kama mtu anayeikumbuka pilau ya mama yake.

Sasa hao reindia. Kwanza ni wafupi, mgongo haufiki kifuani kwangu. Unapewa ndoo ya chakula, unaambiwa simama. Husimami. Wanakuja kumi kwa mpigo, pembe mbele, na pembe zenyewe zina matawi, kwa hiyo hata ukikwepa moja ipo nyingine pembeni inakusubiri. Mmoja mwenye pembe kubwa kuliko wote aliingiza kichwa chote ndooni, akainua, ndoo ikabaki imemning'inia usoni. Nikasema dume hili lina fujo. Mwenyeji akasema huyo ni mama. Madume wazima huangusha pembe baada ya msimu wa kupandana, kwa hiyo kipupwe chote wanatembea vipara. Majike wana mimba, wanabaki na pembe zao hadi karibu na kuzaa, ili wakishafukua theluji na kupata chakula wamfukuze yeyote anayesogea. Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama chini. Kumbe kila nyumba inajua habari hii.

Na wenye kuvuta sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, je, si wana pembe na ni madume? Wale wamehasiwa, akasema mwenyeji. Hapo sikuuliza tena.

Kuna mambo ya mnyama huyu nakiri yamepangwa vizuri. Unywele wake una uwazi ndani uliojaa hewa, ndiyo maana halalamiki. Nyuma ya jicho ana utando unaong'aa dhahabu wakati wa kiangazi na kugeuka bluu kipupwe, ili aone gizani. Akitembea, mguu unalia tik, tik, tik. Ni ukano unaoteleza juu ya mfupa. Mimi nilidhani ni magoti yangu. Nilisimama, mlio ukaendelea, nikashukuru Mungu.

Kilichofuata sitaki kukieleza lakini mdogo wangu ameshaueleza ukoo mzima, kwa hiyo nami niseme upande wangu. Binadamu akinywa chai mbili kwenye baridi, ana haja. Nikajitenga nyuma ya miti midogo. Kufungua ovaroli ni kazi ya mikono minne, mimi nina miwili na yote iko ndani ya glavu. Nimefika sufu ya pili, nasikia nyuma yangu tik, tik, tik. Nageuka, kwa mzunguko ule ule wa hatua, nakuta reindia sita wamenipangia foleni, midomo inatafuna hewa. Hakuna mtu aliyeniambia mapema kwamba wanyama hawa wana kiu ya chumvi, na kwamba mkojo wa binadamu kwao ni kitu cha kugombania. Yule mama wa ndoo alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Nikapiga kelele. Mwenyeji akaja taratibu, mikono mfukoni, akasema maneno machache, mdogo wangu akatafsiri huku anafuta machozi: "Anasema usiogope, Kaka, wamekupenda."

Safari ya sleji ilikuwa ya polepole na fupi. Tuiache.

Jioni, kama ilikuwa jioni, tukaingizwa kwenye lavvu, hema lao la miti iliyosimamishwa ikakutana juu, katikati moto, chini ngozi za reindia. Hapo ndipo nilipohisi miguu yangu tena tangu asubuhi. Wakaleta bidos, mchuzi wa nyama ya reindia, viazi na karoti. Nikauliza pilipili. Hakuna. Ndimu? Wakatazamana. Nilikula bakuli tatu ili nihakikishe kweli haina viungo. Halafu kahawa, na ndani ya kahawa mwenyeji akatumbukiza vipande vya nyama kavu. Kahawa. Nyama. Kikombe kimoja. Watu wa Kariakoo wenye birika zao wangeandamana.

Kisha akaimba joik. Haina ala, ni sauti tu inayozunguka, wakati mwingine haina hata maneno. Alisema huwezi kuimba joik inayomhusu mtu. Unamwimba mtu mwenyewe, na wapo wanaopewa ya kwao tangu utotoni. Akamwimba bibi yake. Wamisionari waliiita dhambi, na kwa miaka mingi serikali ya Norwe iliwafanya watoto wa Kisami wasiongee lugha yao shuleni, mpaka Mfalme Harald wa Tano akaja kuomba radhi mwaka 1997 kwenye bunge lao. Nikakumbuka sekondari, viboko vya kuongea Kiswahili kwenye uwanja wa Waswahili, na bado hakuna aliyekuja kuniomba radhi mimi.

Shemeji, kwa kiherehere chake, akaomba mwenyeji aniimbe na mimi. Yule bwana akanitazama kwa muda, akatoa sauti nzito, ikasimama, ikajivuta kidogo, ikasimama, ikazunguka nusu, ikasimama. Hema zima likacheka. Hata Wajerumani waliokaa kule pembeni walinitambua.

Basi nami nikataka kuonyesha nina maswali ya maana. Nikasema, "Mwulize ana reindia wangapi." Mdogo wangu akanipiga kiwiko: "Kaka, hilo haliulizwi hapa!" Haliulizwi kwa nini? Nimelipia! Mwenyeji akawa ameshaelewa, maana swali hili wageni wanalileta kila siku. Akasema wako pande zote mbili za mti. Halafu akaniuliza mimi benki nina kiasi gani. Nikamwambia zangu ziko upande mmoja tu, na mti wenyewe umeshakatwa. Hapo kwa mara ya kwanza akacheka mpaka akakohoa.

Ndipo ukasikika mchirizi juu ya hema. Mvua! Nikasimama na ovaroli yangu nikasema alhamdulillahi, dua zimejibiwa, joto limekuja. Hakuna aliyenijibu. Mwenyeji akatoa simu, akatazama hali ya hewa ya kwao bara: nyuzi 2 juu ya sifuri. Akaigeuza ile simu kifudifudi juu ya ngozi.

Na hapo, ndugu zangu, mtu ambaye tangu asubuhi hakuwa amelalamika hata mara moja akaanza. Akasema baridi haijawahi kumfanya lolote. Reindia anaishi kwa kuvumwani, zile ndevu za kijivu zinazoota ardhini. Anazinusa chini ya theluji na kufukua kwa kwato. Theluji laini hata iwe ya kiunoni atafukua. Lakini mvua ikinyesha juu ya theluji halafu baridi ikarudi, panakuwa na bamba la barafu, chakula kiko hapo chini, mnyama anakinusa na hakipati. Inabidi ununue chakula cha viwandani, ukibebe kwa pikipiki mpaka mlimani, na majike yenye mimba yanadhoofika. Zamani ilitokea mara moja moja. Sasa anaangalia simu kila usiku.

Nikasogeza ngozi yangu karibu. Mtu huyu alikuwa anajua kulalamika! Akatoka kwenye mvua akaingia kwenye tai wanaochukua ndama, akatoka kwenye tai akaingia kwenye mitambo ya umeme wa upepo inayojengwa kwenye malisho. Kule Fosen, akasema, Mahakama ya Juu ya Norwe iliamua Oktoba 2021, majaji wote 11 kwa kauli moja, kwamba mitambo ile inavunja haki za Wasami wafugaji. Na mitambo ikaendelea kuzunguka. Mwaka 2023 vijana wakaenda kuziba milango ya wizara Oslo. Mahakama imesema, pangaboi linazunguka! Akapiga goti kwa kiganja, nami nikapiga langu. Nikamwambia mdogo wangu amweleze kwamba kwetu pia kuna vibao vya mradi vinavyosimama mwaka baada ya mwaka na mradi haujulikani uko wapi. Akaelezwa, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli kabisa, akanimiminia kahawa. Akaweka na nyama. Nikanywa.

Akauliza, na huko kwenu usafiri ukoje? Nikavua glavu.

Nikaanza na foleni ya Mbagala, nikamwonyesha kwa vidole jinsi watu wanavyopitishwa dirishani. Akauliza maswali, na ya maana: aliyeko dirishani analipa nauli kamili? Wajerumani wakaondoka. Shemeji akasinzia na buti zake. Mdogo wangu, aliyekuwa anatafsiri huku na huku, sauti ikamkauka, akasema, "Kaka, basi la kurudi mjini linawasha injini."

Nikamwambia atangulie akamwombe dereva asubiri. Bado nilikuwa sijafika kwenye bei ya vitunguu.